Granny Goodness, bibi asiye na wajukuu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukimtaja Darkseid, mpenzi yeyote wa komiki anaitikia. Ukimtaja Granny Goodness, wengi wanauliza, "Yule bibi?" Ndiyo, yule bibi. Hapa nimekusanya maswali ninayoulizwa mara nyingi kumhusu. Tahadhari moja tu: sifichi miisho ya hadithi. Kama hujasoma komiki ya Mister Miracle ya 2017 na hutaki kuharibiwa utamu, ruka majibu yanayoitaja.

Granny Goodness ni nani hasa?

Ni msimamizi wa vituo vya watoto yatima kwenye Apokolips, sayari ya moshi na mashimo ya moto inayotawaliwa na Darkseid, adui mkubwa kuliko wote katika ulimwengu wa DC, kampuni ya komiki ya Superman na Batman. Kwa maneno yake mwenyewe, kazi yake ni kulea. Kwa vitendo, anapokea watoto wadogo, anawavunja, kisha anawaunda upya wawe askari wasiojua lolote zaidi ya amri.

Maadui wengi wa komiki wanataka kuiteka dunia au kuvunja benki. Huyu anamtaka mwanao, tena anamtaka mapema, kabla hajajua kusema hapana. Akimaliza naye hutamtambua, na ukimuuliza mtoto mwenyewe atakwambia anampenda sana bibi.

Alibuniwa na nani, na lini?

Na Jack Kirby, mchoraji na mtunzi Mmarekani aliyezaliwa New York mwaka 1917 kwa jina la Jacob Kurtzberg. Ndiye yule aliyemuunda Captain America pamoja na Joe Simon, na baadaye, miaka ya 1960, akaijenga kampuni ya komiki ya Marvel bega kwa bega na Stan Lee. Mwaka 1970 alihamia DC, akaanzisha mfululizo wa hadithi zilizofungamana unaojulikana kama Fourth World: New Gods, Forever People na Mister Miracle, pamoja na komiki ya Jimmy Olsen, rafiki wa Superman, ambayo tayari ilikuwapo. Granny alijitokeza kwa mara ya kwanza katika toleo la 2 la Mister Miracle, mwaka 1971.

Wanaofuatilia kazi za Kirby husema sura yake ilitokana na Phyllis Diller, mchekeshaji wa Marekani aliyejulikana kwa nywele za kusimama na kicheko cha kukwaruza. Tazama michoro ya mwanzo utaelewa: bibi mnene, nywele nyeupe, mavazi ya vita, na tabasamu pana lisilolingana kabisa na mavazi hayo.

Lakini sura ni jambo dogo. Kirby alikuwa askari wa miguu wa Marekani huko Ulaya mwaka 1944, akapigana na Wajerumani, na majira ya baridi yakaiumiza miguu yake hadi ikabaki kidogo aipoteze. Alikuwa mtoto wa familia ya Kiyahudi. Nikitazama vituo vya Granny, watoto wamevalishwa sare, wamepangwa mistari, wanaapa kumfia mtu mmoja, naona mtu anayechora kitu alichokijua: utawala uliowachukua watoto wa watu na kuwavisha sare kabla hawajaota ndevu. Huo ni usomaji wangu, lakini sidhani kama ninakosea sana.

Kwa nini aitwe bibi ilhali hana hata mjukuu mmoja?

Hapa ndipo penye mtego wote. Jina lake tungeweza kulitafsiri Bibi Wema. Lisome kwa Kiswahili uone linavyotuliza moyo. Bibi ni yule anayekufichia kipande cha nyama, anayekukinga na fimbo ya baba, anayekusimulia hadithi mpaka usingizi ukuchukue. Kenya wengi wangesema nyanya, na neno lina joto lilelile. Kirby alichukua neno ambalo kila mtoto hulikimbilia, akamvalisha mtesaji.

Halafu akampa na maneno ya kwenda na jina. Granny hatukani. Anapomwadhibu mtoto anamwita mpenzi wake, anamwambia anafanya hivi kwa sababu anampenda, na maumivu haya ni kwa faida yake mwenyewe. Mtoto akilia, kosa ni la mtoto: amemhuzunisha bibi. Msomaji anayewajua walezi wa namna hii, na wapo mitaani kwetu wala hawahitaji sayari nyingine, atatambua mara moja. Adui anayekuja na panga unamkimbia. Anayekuja na mapenzi utamkimbiaje, na utakwenda kumshtaki kwa nani?

Wazee walisema mchelea mwana kulia hulia yeye. Nahisi Granny angeupenda msemo huo kiasi cha kuuandika juu ya lango la kituo chake. Ila msemo huo uliwalenga wazazi, watu watakaozeeka mikononi mwa mtoto yuleyule. Granny hana cha kulilia. Mtoto akifia mafunzoni, kesho analetwa mwingine.

Je, ana undugu na Darkseid? Nimesikia ni mama yake.

Hapana. Watu wanamchanganya na Heggra, malkia wa Apokolips na mama mzazi wa Darkseid. Huyo ni mama mwovu wa aina nyingine: wa kasri, wa kiti cha enzi na sumu. Mwanawe aliishia kumuua, na mkono uliotumika ni wa DeSaad, mtaalamu wa mateso wa Darkseid. Steppenwolf, ambaye wengi mnamjua kutoka kwenye filamu, ni kaka yake Heggra.

Granny yeye hakutoka kasrini. Alizaliwa miongoni mwa makabwela wa Apokolips, wale wanaoishi na kufa bila kuhesabiwa. Kila alichonacho amekipata kwa kumtumikia Darkseid, na nadhani ndiyo maana anamtumikia kwa bidii inayotisha.

Alifikaje kwenye cheo hicho?

Kuna kisa cha mbwa, na ukikisoma mara moja hukisahau.

Akiwa kijana alichukuliwa kwenye mafunzo ya jeshi la Darkseid. Kila kuruta alipewa mbwa amfundishe. Wa kwake aliitwa Mercy, jina lenye maana ya huruma. Alimfundisha vizuri, wakazoeana. Siku ya mwisho mkufunzi akamwamuru amuue mbwa wake. Akakataa, akamuua mkufunzi.

Hapo unaanza kumhurumia. Unasema kumbe ana moyo. Darkseid akaja kuuliza kwa nini hakutii amri. Akajibu kwamba kumuua mbwa kungekuwa hasara kwa Darkseid, maana Mercy ni silaha nzuri na utii wake wa kwanza ni kwa Darkseid, hata kabla ya yeye aliyemfundisha. Darkseid akataka kuhakikisha. Akamwamuru Mercy amrukie bibi yake. Mercy hakusita. Akamrukia, na ikabidi yule aliyemlea amuue kwa mikono yake.

Darkseid alifurahi. Mtu anayeweza kumfundisha kiumbe amshambulie hata mlezi wake ndiye aliyekuwa akimtafuta, na akamkabidhi kazi ya kuwafunza wengine. Tangu siku hiyo kila mtoto aliyepitia mikononi mwa Granny ni Mercy mwingine.

Scott Free ni nani, na jina lake lina mzaha gani?

Apokolips na jirani yake New Genesis zilipochoka kupigana, watawala wawili walifunga mkataba wa kubadilishana watoto wa kiume. Highfather wa New Genesis alimtoa mwanawe. Darkseid akamtoa Orion. Kirby alikisimulia kisa hicho katika New Gods toleo la 7, mwaka 1972. Orion alilelewa kwa upole na akageuka shujaa mwenye hasira za babaye. Mtoto wa Highfather akatupwa kwa Granny.

Granny ndiye aliyempa jina. Kwa Kiingereza mtu anayeponyoka bila adhabu wala gharama husemwa ametoka scot-free, basi bibi akaona ni kichekesho kizuri kumwita hivyo mfungwa asiyeweza kwenda popote. Alikuwa na mazoea hayo. Virman Vundabar, afisa anayejifanya jenerali wa Kijerumani wa zamani, naye jina lake ni zawadi ya kituo hichohicho, na akaishi kulifuatisha.

Scott naye akalifuatisha la kwake, ila upande ambao bibi hakuutarajia. Katika Mister Miracle toleo la 9, akisaidiwa na mzee Himon anayewafundisha vijana kwa siri, anatoroka kupitia Boom Tube, njia ya mwanga inayofunguka kwa kishindo na kuunganisha dunia na dunia. Darkseid mwenyewe yupo pale, anamtaka abaki. Kijana ana majeraha, anayumba, anaingia. Akifika Duniani anafanya kazi gani? Anakuwa Mister Miracle, msanii wa kujinasua: anafungwa minyororo, anatiwa sandukuni, anatoka, watu wanapiga makofi. Kejeli ya bibi imegeuka ajira.

Kumbuka pia kwamba Darkseid hakuwa na haraka ya kumzuia. Scott akitoroka, mkataba umevunjika, na vita vinaweza kuanza tena. Kwa hiyo hata uhuru wake ulikuwa na faida kwa mtu fulani.

Ana nguvu gani?

Za kawaida kwa mungu wa Apokolips: nguvu za mwili, umri mrefu, ustadi wa vita, na silaha iitwayo mega-rod. Kwa ngumi tupu Superman angemmaliza, lakini Granny haendi vitani kupigana na Superman. Anawatuma wasichana wake.

Hao wasichana ni akina nani?

Female Furies, kikosi cha wanawake wapiganaji aliowalea tangu utotoni. Lashina anapigana kwa mikanda ya chuma, Stompa kwa mateke yanayotikisa ardhi, Mad Harriet kwa kucha na kicheko cha kichaa, Bernadeth kwa kisu. Bernadeth ni dada yake DeSaad, kwa hiyo ukatili kwao ni mali ya ukoo. Kiongozi wao alikuwa Big Barda.

Barda ndiye fahari ya Granny na ndiye pigo lake kubwa. Aliingia katika Mister Miracle toleo la 4, mwaka 1971, mwanamke mkubwa kuliko Scott, mumewe wa baadaye, kwa kimo na kwa misuli, na Kirby hakumchora hivyo ili achekwe. Kilichomfungua macho kilianza na mwenzao mmoja, Auralie, aliyependa kucheza dansi. Kwenye Apokolips dansi haina matumizi. Auralie aliuawa. Barda aliyaona hayo, akamsaidia Scott kutoroka, baadaye akamfuata Duniani. Wakaoana katika toleo la 18, mwaka 1974, ndilo lililofunga mfululizo wa Kirby. Darkseid alijitokeza kwenye harusi, kama yule mjomba asiyealikwa.

Watu huniuliza kwa nini Furies hawakuondoka wote. Sijui kama ni swali la haki. Lashina alifika Duniani, akajiita Duchess na kukaa kwa muda na Suicide Squad, kikosi cha wahalifu wanaofanyia serikali kazi za hatari, lakini aliyokuwa akiyawaza muda wote ni kurudi Apokolips na kulipiza kisasi kwa wenzake. Aliishi nje ya kituo, ila kituo hakikumtoka. Kiswahili kina neno kwa hili, kasumba, na sijapata lugha nyingine inayolisema kwa ufupi hivyo.

Je, Granny mwenyewe si mhanga pia?

Mwaka 2019 Cecil Castellucci na mchoraji Adriana Melo walitoa Female Furies, matoleo sita, wakaliingia swali hilo bila kupepesa macho. Tunawaona Furies wakipiganishwa na bado wakipimwa kwa uzuri mbele ya wakuu wa kiume. Tunamwona Granny, ambaye naye aliwahi kuwa mpiganaji kijana akitafuta nafasi, akijua fika kinachowapata wasichana wake na akiwaambia wavumilie. Alivumilia yeye, kwa nini wao wasivumilie?

Komiki hiyo iligawa wasomaji. Wapo waliosema inahubiri mno, na kuna kurasa ambazo nakubaliana nao. Lakini ilifanya jambo ambalo miaka karibu hamsini ya hadithi haikulifanya: ilimweka Granny katikati ya ngazi, juu ya wasichana na chini ya wanaume, ikaonyesha jinsi mtu aliyeumizwa anavyokuwa mlinzi wa mlango uleule alioumizwa nyuma yake. Namwonea huruma kurasa mbili. Ya tatu anafanya tena.

Mbona kwenye katuni za runinga ana sauti ya mwanamume?

Kwa sababu ni ya mwanamume. Ed Asner, mwigizaji mkongwe wa Marekani, ndiye aliyempa sauti katika Superman: The Animated Series, kwenye kipindi cha 1998 kilichomleta Supergirl. Humo Granny anakusanya vijana wa mitaani wa Metropolis, mji wa Superman, na kuwafanya wezi wa genge la Intergang. Mara ya kwanza kumsikia nilidhani kanda imechanganya sauti. Baadaye nikaona ni chaguo la akili: mdomo unasema mpenzi, koo linakwaruza kama lori linalopanda mlima. Asner aliirudia kazi hiyo katika filamu ya katuni Superman/Batman: Apocalypse, mwaka 2010.

Na kwingineko?

Kwenye tamthilia ya runinga ya Smallville, msimu wa 10, aliigizwa na Christine Willes kama msimamizi wa kituo cha yatima hapahapa Duniani, na Tess Mercer, mmoja wa wahusika, anagundua kwamba alipita humo utotoni. Katuni ya Young Justice ilimfanya Gretchen Goode, mfanyabiashara mwenye sura njema anayewauzia vijana miwani ya michezo ya kompyuta, ambayo kumbe inawachunguza kama wana vipaji vya ajabu vya mwili. Nadhani hiyo ndiyo Granny ya zama zetu. Hahitaji tena kumteka mtoto. Mzazi analipia miwani.

Katika filamu ya Justice League ya Zack Snyder, iliyotoka 2021, anaonekana amesimama karibu na Darkseid. Ukipiga chafya umemkosa. Mwezi wa Aprili mwaka huohuo, filamu ya New Gods iliyokuwa mikononi mwa Ava DuVernay ilifutwa, kwa hiyo Granny wa sinema bado tunamdai.

Ni kweli aliwahi kujifanya mungu wa Kigiriki?

Kweli. Kwenye komiki ya Countdown, 2007 hadi 2008, alijigeuza Athena, akafungua makazi ya wanawake wenye shida yaliyotoa hifadhi na mafunzo ya kujilinda. Wanawake wakaja wenyewe, na aliyekuwa akiajiri alikuwa Apokolips. Mfululizo wenyewe ulikuwa mrefu na wa kuchosha, sitakushauri uutafute. Lakini wazo hilo ni Granny mtupu: anaweka mtego wake pale mtu anapokimbilia kupona.

Amekufa mara ngapi?

Kwenye vibanda vya video tulilelewa na kanuni kwamba steringi hauawi. Kwenye komiki kanuni hiyo inawafaa hata maadui. Granny aliuawa katika komiki ya Death of the New Gods, na kwenye Final Crisis ya 2008 akaibuka ndani ya mwili wa Kraken, mmoja wa Green Lantern, walinzi wa anga za mbali. Akafa tena, akarudi tena. Usihesabu.

Kifo kimoja tu ndicho kilichonikaa. Katika Mister Miracle ya mwandishi Tom King na mchoraji Mitch Gerads, matoleo 12 ya 2017 na 2018, Scott na Barda wanarudi Apokolips kumwona. Ni mapema mno kwenye hadithi, toleo la 2, hujajiandaa. Bibi anazungumza na Scott kwa ule upole wake. Barda anammaliza kwa mega-rod. Hakuna hotuba. Ukurasa umegawanywa visanduku tisa kama karibu kurasa zote za kitabu hicho, na kila kisanduku ni kidogo kiasi kwamba huna pa kugeuzia macho.

Watoto wanaweza kuzisoma?

Za Kirby, ndiyo, kuanzia wanaojua kusoma wenyewe. Ya King si ya watoto: inafunguka kwa jaribio la kujiua. Female Furies pia ni ya wakubwa, ina unyanyasaji wa kingono.

Nianzie wapi?

Mister Miracle ya Kirby, toleo la 1 hadi la 9. Usiogope lugha yake ya kupiga kelele, kila sentensi ina alama ya mshangao, utaizoea. Usiruke visa vifupi vya utoto wa Scott vilivyowekwa mwishoni mwa baadhi ya matoleo. Kisha nenda moja kwa moja kwa King na Gerads, waliopata Eisner, tuzo kubwa ya komiki, ya mfululizo mfupi bora mwaka 2019. Yaliyo katikati yatakungoja.

Baada ya Granny kufa kwenye kitabu hicho, watoto wake wanafanya nini?

Scott na Barda wanapata mtoto, wanamwita Jacob. Ukikumbuka jina alilozaliwa nalo Kirby utaelewa salamu hiyo imetumwa kwa nani. Baadaye Darkseid anatoa sharti la amani: apewe mtoto. Mkataba uleule wa 1972 umerudi, na safari hii anayedaiwa mtoto ni yule aliyewahi kutolewa yeye. Wanachojibu kisome mwenyewe.

Lakini kuna sehemu kabla ya hapo. Barda yuko hospitali, Los Angeles, uchungu umeshika. Vita vya Apokolips na New Genesis vinaendelea, na Furies wako upande wa pili, juzi tu walikuwa wanataka kumuua. Wanakuja. Wamevaa silaha zao, wanaingia kwenye chumba cha kusubiria kama mashangazi waliotoka safari ya mbali, wanakaa na Scott kungoja mtoto wa dada yao.